Je, wajua? Bakteria wanaokula mafuta huwekewa mbolea

Tangu habari za bomba la mafuta ghafi ya Uganda zifike Chongoleani, Tanga, linakoishia, vijiwe vya Tanga havikosi swali hili: yale maji machafu yanayotoka pamoja na mafuta visimani yatamwagwa wapi, baharini kwetu? Hapana. Mpango ni maji hayo yatenganishwe na mafuta kulekule Uganda, kando ya Ziwa Albert, kisha yarudishwe ardhini. Kinachokusudiwa kusafirishwa kilomita 1,443 hadi Tanga ni mafuta, tena yakipashwa moto njiani yasigande, maana yana nta nyingi.

Kwingineko duniani kazi ya kuyasafisha maji hayo hupewa bakteria. Na si maji kidogo: kwa wastani kila pipa la mafuta hutoka na mapipa matatu hivi ya maji, na kisima kikizeeka huzidi. Mafuta yanayoelea huenguliwa kwanza. Yaliyoyeyuka majini, kama kemikali za benzini na fenoli, hayaenguliki.

Hayo kwa bakteria kama Pseudomonas ni chakula. Huyavunjavunja kwa msaada wa oksijeni, ndiyo maana hewa hupulizwa ndani ya matangi usiku na mchana; mwishowe hubaki kaboni dioksidi, maji na bakteria wapya. Ila chakula chenyewe ni kama ugali usio na kitoweo: kaboni tele, nitrojeni na fosforasi karibu hakuna, na bila hizo bakteria hawawezi kuzaana. Basi mafundi huwawekea urea na fosfati, zilezile za shambani. Kipimo kilichozoeleka ni sehemu 5 za nitrojeni na 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za oksijeni ambayo uchafu unahitaji ili uoze. Ukizidisha, mbolea inayotoka na maji itaotesha mwani huko yanakokwenda.

Chumvi ndiyo kikwazo kikubwa. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi, na visima vingine hupita hapo mara kadhaa. Bakteria wasioizoea hunyonywa maji mwilini wakafa, kwa hiyo hutafutwa wenye asili ya mazingira ya chumvi. Hata hao hawaiondoi chumvi yenyewe, wala metali nzito. Anayeuza mtambo akikuambia bakteria humaliza kila kitu, usimwamini.

Huko Nimr, jangwani Oman, kazi hii hufanyika katika mamia ya hekta za matete. Maji hushuka yenyewe kwa mteremko, bakteria waliojishikiza kwenye mizizi hula mafuta, na ndege wahamao wamepafanya kituo. Kisha maji huishia mabwawani yakageuka mvuke, chumvi ikabaki.

Chongoleani nayo, kama ghala lolote la mafuta, haiwezi kukosa maji yenye mafuta kabisa: ya mvua iliyoosha sakafu za mitambo, na yanayotuama chini ya matangi. Hayo ndiyo ya kuulizia vijiweni.