Irabu: sauti inayoamua kati ya "a" na "an"

Mtoto anayeanza Kiingereza hufundishwa mapema sana kwamba neno likianza na a, e, i, o au u, hutanguliwa na "an". Likianza na herufi nyingine, hutanguliwa na "a". Anaandika "an egg" na "a book", anapata vema. Kesho yake anaandika "an university" na "a hour", anapata kosa, na hajui kwa nini, kwa sababu kanuni ameifuata kama alivyopewa. Kanuni yenyewe ndiyo iliyosemwa nusu. Irabu ni sauti kwanza; herufi ni alama yake tu.

Jaribu mdomoni. Tamka "aaa" na usikie hewa inavyotoka bila kuzuiwa na ulimi, meno wala midomo. Hiyo ni irabu. Sasa tamka "ba": midomo imefunga kwanza, ndipo ikaachia. Ile "b" ni konsonanti, sauti ambayo hewa yake huzuiwa au kubanwa mahali fulani njiani.

Sisi wa Kiswahili tuna irabu tano na herufi tano za kuziandika, na kila herufi husomwa vilevile popote ilipo. Ndiyo maana mtoto wetu haoni sababu ya kutenganisha herufi na sauti. Kiingereza kinatumia herufi hizo hizo tano, lakini matamshi ya Uingereza yaliyozoeleka shuleni yana sauti za irabu zipatazo 20. Macho peke yake hayatoshi.

"University" kwa macho huanza na u, kwa sikio huanza na "yu", na "y" hapo ni konsonanti. Kwa hiyo ni "a university", "a uniform", "a European", hata "a Ugandan", maana kwa Kiingereza nchi hiyo hutamkwa "Yuganda". Lakini "umbrella" na "uncle" huanza na irabu kweli, basi ni "an umbrella" na "an uncle". "One" husikika na "w" mwanzoni: "a one-way street". Kinyume chake, h ya "hour", "honest" na "heir" haitamkwi kabisa, kinachosikika kwanza ni irabu, nasi twasema "an hour". H ya "house" inasikika, hivyo "a house".

Tena kinachoangaliwa ni neno linalofuata papo hapo, si nomino iliyo mbele zaidi: "a house" lakini "an old house", "an apple" lakini "a red apple".

Vifupisho ndipo wakubwa nao hujikwaa. NGO husomwa herufi moja moja, "en-ji-o", kwa hiyo ni "an NGO". NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, husomwa kama neno zima, kwa hiyo "a NECTA exam". Vivyo hivyo "an SMS" na "an M-Pesa agent", kwa kuwa herufi M jina lake ni "em".

Mwalimu anaweza kumwonyesha mtoto kwamba jambo hili analifanya kila siku kwa Kiswahili. Anasema kitu, lakini chakula. Kitabu kile, lakini kitabu changu. Mara nyingi "ki-" ikikutana na irabu hugeuka "ch-", na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Sikio lilimwongoza.

Kihistoria, "an" ndiyo kongwe. Ilitokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha "moja", na baadaye n yake ikadondoka mbele ya konsonanti, ikabaki "a". Wasemaji waliendelea kufuata sikio kiasi cha kuhamisha mipaka ya maneno. Aproni zamani iliitwa "a napron". Watu wakasikia "an apron", na n ikahamia upande wa pili moja kwa moja. Nyoka aliyeitwa "nadder" leo ni "an adder". Na yule mnyama mdogo wa majini mwenye umbo la mjusi, "an ewt", alipata n isiyokuwa yake: sasa huitwa "a newt".