Je, wajua? Kwa nini wajawazito wa Kisumu walipewa vipimo viwili vya VVU waende navyo nyumbani

Mwaka 2015, katika kliniki za Kisumu, Kenya, watafiti waliwaandikisha wanawake 600, wajawazito na waliojifungua karibuni. Karibu nusu yao, waliopatikana kwa bahati nasibu, walikabidhiwa vipimo viwili vya kujipima VVU, vile vya kupitisha kijiti kwenye ufizi, ili kimoja wampe mwenzi wao au wapime pamoja. Waliobaki walipewa kadi ya kumwalika mwenzi kituoni, utaratibu uliozoeleka katika kliniki nyingi.

Kwa nini mwanamume apelekewe kipimo nyumbani ilhali kituo kiko wazi?

Mwanamke akishika mimba, kipimo humkuta bila yeye kukitafuta. Anapoanza kliniki hupimwa damu, na VVU ni miongoni mwa vinavyoangaliwa. Mwanamume hana hudhurio la namna hiyo. Akiwa mzima, hakuna kinachomwita zahanati. Mlango nao hufunguliwa asubuhi, wakati wa kusaka kibarua, na mvuvi wa omena aliyekesha Ziwa Victoria ndiyo kwanza anarudi ufukweni. Akifika, benchi limejaa akina mama na watoto, na kila anayepita anamwona alikokaa. Kwa miaka mingi tumeridhika kusema wanaume ni wabishi. Kwangu hilo halikuwa jibu, maana lilituzuia kuuangalia mlango wenyewe, na wakati huo watu waliendelea kugundulika wakiwa tayari wamedhoofika.

Matokeo ya Kisumu yalikuwa makubwa. Ndani ya miezi mitatu, asilimia 90.8 ya wanawake waliopewa vipimo walisema wenzi wao wamepima. Kwa waliopewa kadi, ilikuwa asilimia 51.7. Waliopima pamoja kama wawili walikuwa asilimia 75.4 dhidi ya 33.2. Takwimu hizi zilitegemea maelezo ya wanawake wenyewe, jambo ambalo watafiti walilieleza wazi, lakini pengo la ukubwa huo si rahisi kulipuuza.

Utafiti huo ulilipiwa na 3ie, taasisi ya kimataifa inayofadhili tathmini za aina hii. Fedha zilihitajika kwa sababu rejista ya kituo humwandika aliyekuja tu. Asiyekuja hana mstari. Ili kumjua, lazima pawe na mtu wa kufuatilia kwa miezi, na wa kumuuliza mwanamke faraghani kama kile kipimo kilimletea kipigo. Swali hilo halikuwa la kuachwa. Kumpa mwanamke kazi ya kumpimisha mwanamume ni kumtwika mzigo, na si kila nyumba ina amani ya kuubeba.

Desemba 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza rasmi kujipima VVU. Tanzania ilirekebisha sheria yake mwaka 2019 ili kuruhusu jambo hilo.

Lakini kijiti hakimalizi safari. Kikionyesha maambukizi, sharti majibu yathibitishwe kituoni, kisha dawa zianze na ziendelee. Kwa hiyo mwanamume yuleyule anatakiwa kwenda asubuhi ileile, kwenye benchi lilelile. Nini kitamfikisha hapo, na kumrudisha kila tarehe ya dawa, ndilo swali ambalo ningependa wafadhili walilipie sasa.