Mtoto njiti akifika nyumbani, blanketi pekee halitoshi

Mama akiruhusiwa kutoka wodi ya watoto wachanga hapa Kisumu, jamaa humjia na mablanketi matatu na shuka nzito. Nia ni njema. Ila njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na joto lake mwenyewe ni haba. Blanketi hutunza joto lililopo, halitengenezi jingine. Mtoto aliyekwisha kupoa anahitaji mwili wa mtu.

Ndiyo maana tunawafundisha wazazi utunzaji wa kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Ulianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za kuwapa watoto joto zilipokuwa hazitoshi. Wapo wanaodhani ni tiba ya wasio na pesa. Sivyo: tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri uanze mara tu mtoto anapozaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Mvue mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kigeukie upande, kidevu kiinuke kidogo, kwa kuwa kikizama kifuani hewa haipiti vizuri. Zungusha leso, ukingo wa juu uishie chini ya sikio, ukaze hadi uweze kusimama bila yeye kuteleza. Vaa sweta juu yake. Usiku lala umeegemea mito.

Mama akienda kuoga, baba, shangazi au nyanya ampokee, maadamu hana kikohozi wala upele. Wazee wengine huona haya mwanamume kumfunga mtoto kifuani. Mimi naona haya zaidi kwa baba anayekaa tu akitazama. Endeleeni hadi mtoto akaribie kilo 2.5. Atawajulisha mwenyewe kwa kujinyonganyonga akitaka kutoka.

Ndugu zetu wa Nakuru, baridi ya Julai isiwashawishi kulala na jiko la makaa chumbani. Gesi yake haina harufu, na huua.

Chakula ni maziwa ya mama pekee, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Njiti hulala sana na huenda asilie njaa, kwa hiyo mwamshe. Akichoka kunyonya, kamua kwenye kikombe kilichochemshwa, umnyweshe kidogo kidogo huku umemwinua. Glukosi, maziwa ya ng'ombe na manyasi, yaani dawa za mitishamba, havimfai, hata vikiletwa na mama mkwe. Matone ya madini ya chuma uliyoandikiwa usiyaruke, na kwa sisi wa ukanda wa ziwa, neti yenye dawa ni kila usiku.

Akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akibaki baridi hata kifuani, viganja vikiwa njano au pumzi ikikatika, usingoje kuche. Mpeleke hospitali akiwa amefungwa kifuani vilevile.

Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, ingawa ile ya kifua kikuu huweza kusubiri kwa mwenye uzito mdogo sana, muuguzi atakueleza. Kukaa na kutambaa hesabu tangu tarehe aliyotarajiwa. Aliyewahi kwa miezi miwili, akifika miezi minane mlinganishe na wa miezi sita. Jirani akiuliza mbona hajakaa, mpe hesabu hiyo.