Seanchaí ni nani?

Neno hili la Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi na Uskoti, hutamkwa karibu na "shanakhii", ile kh ikitoka kooni kama ya "kheri". Seanchaí ndivyo linavyoandikwa Ayalandi. Uskoti huandika seanchaidh. Mzizi wake ni sean, yaani -a kale, na hapo hapo likatoka seanchas: nasaba, historia na habari za wazee, vyote kwa mkupuo. Seanchaí ni mwenye seanchas. Wengi hulitafsiri "msimulizi wa hadithi" wakaishia hapo, na hiyo ni nusu tu ya maana, tena nusu iliyokuja baadaye.

Nusu hiyo ndiyo maarufu leo. Ni mzee wa kijijini, mvuvi au mkulima, ambaye jioni za baridi kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Machi watu walijaa kwake kuota moto na kumsikiliza. Hata hapo Waayalandi walitofautisha. Scéalaí alikuwa bingwa wa ngano ndefu za mashujaa. Seanchaí alisimulia mambo ya pale pale: ukoo fulani ulitoka wapi, kisima kile kilipataje jina, nani alionekana njiani baada ya kuzikwa. Wanawake walikuwamo. Peig Sayers wa kisiwa cha Great Blasket, aliyefariki 1958, alisimulia mamia ya visa vilivyorekodiwa na kuandikwa.

Turudi nyuma sasa. Katika zama za kati seanchaí alikuwa na cheo, na kazi yake hasa ilikuwa kujua nani kamzaa nani. Hilo halikuwa la kupitishia wakati. Kwa sheria ya kale ya Ayalandi, haki ya kurithi uongozi iliwahusu derbfhine, wanaume wa ukoo waliotokana na baba wa babu mmoja. Aliyedai kiti bila mtu wa kumhesabia vizazi alikuwa na maneno matupu. Uskoti nako, Alexander wa Tatu aliposimikwa ufalme huko Scone mwaka 1249, mtoto wa miaka saba, mzee wa Kigaeli alipiga goti mbele yake akaitaja nasaba yake, huyu mwana wa huyu, kwa Kigaeli.

Kazi yenyewe ilirithiwa. Ukoo wa Ó Cléirigh uliwatunzia historia akina O'Donnell, watawala wa Donegal huko Ayalandi. Ukoo wa MacMhuirich uliwatumikia MacDonald wa Clanranald, katika visiwa vya Hebrides, Uskoti. Ujira wao ulikuwa ardhi: MacMhuirich walipewa shamba la Staoiligarry, South Uist, liwe lao maadamu kizazi chao kinaendelea kuhifadhi nasaba na historia ya MacDonald.

Mfumo huo uliwategemea viongozi, na viongozi walianguka. Ayalandi ilikuwa kushindwa vitani Kinsale mwaka 1601, kisha wakuu kukimbilia Ulaya bara mwaka 1607. Uskoti ilikuwa kushindwa vitani Culloden, 1746. Nani tena angelipa watu wa kukumbuka vizazi vya mabwana waliokwisha? Jina likabaki kwa wale wa kando ya moto.

Mwaka 1800 mzee Lachlann MacMhuirich alihojiwa mbele ya mashahidi. Kusoma na kuandika hakujua, na ile ardhi ilikuwa imeshawatoka. Akaeleza kwamba baba yake alikuwa na maandiko mengi ya ngozi, ila mengine aliyaona yeye mwenyewe yakikatwakatwa na washonaji wapate vipande vya kupimia nguo.  Yeye, alisema, kwa kadiri ajuavyo ni kizazi cha 18 tangu Muireach aliyeanzisha ukoo.