Kwa nini stadi ya tairi inakatika wakati gari halina hata mzigo?

Wengi tunaamini stadi, zile bolti zinazochomoza kwenye habu (kitovu cha chuma ambapo tairi linafungwa) ambazo unafungia nati za tairi, ndo zimebeba uzito wa gari, kwahiyo ikikatika lawama zote kwa mzigo au mashimo ya barabarani. Sivyo. Kwenye gari nyingi tundu la rimu ni pana kuliko stadi yenyewe, rimu haijaikalia kabisa.

Kazi ya stadi ni kubana. Simamisha vitabu kadhaa kwa safu, vibane kwa viganja viwili halafu nyanyua: vya katikati havina kitu chini yake na bado havidondoki, msuguano ndo umevishika, ila legeza mkono kidogo uone. Ukikaza nati stadi inavutika kidogo mno, na ile nguvu ya kutaka kurudi urefu wake ndo inagandamiza rimu kwenye habu. Uzito wa gari unapitia hapo, kwenye msuguano.

Nati ikilegea rimu inaanza kucheza, na stadi inapindapinda kila tairi likizunguka. Tairi la 195/65R15 linazunguka kama mara 500 kwa kilomita, yani ukitoka Dar mpaka Morogoro ni karibu mara laki moja! Chuma kinachoka, kinapata ufa, siku kikikatika unaweza kuwa kwenye lami safi kabisa.

Kukaza kupita kiasi nako kunaua. Toyota nyingi ndogo zinataka nati ikazwe kwa Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini mtu wa kilo 80 akisimama kwenye mwisho wa spana ya sentimita 40 anatia zaidi ya Nm 300, stadi inavutika mpaka hairudi tena. Kuna nyingine zinakatika sababu tu nati iliingia upande au imeshika kutu, kwahiyo usimlaumu fundi kabla hujaiangalia.

Kubadilisha sio kazi kubwa: ya zamani inagongwa itokee nyuma ya habu (taratibu, beringi iko hapohapo), mpya inapitishwa kwa nyuma na kuvutwa kwa washa (kile kipete cha chini ya nati) na nati mpaka kichwa chake kikae sawa. Na zile za jirani badilisha pia, maana zilikuwa zinapinda pamoja nayo. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 kaza tena, kutu na rangi kati ya rimu na habu vikishagandamizwa nati inapoteza mkazo.