Umisheni sio ajira jamani

Hapa Mbeya, hasa huku kwetu Mwanjelwa, wakisikia binti kaenda nje kutumikia umisheni wanajua tayari kapata kazi, analipwa dola, akirudi anajenga, mpaka mama yake anaanza kuombwa hela za ada na watu wa mtaani. Sio kweli, na inawaumiza wazazi bure.

Mfano Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wengi wanawaita Wamormoni, mshahara hakuna hata senti. Mabinti wanajitolea miezi 18, wavulana 24. Na wao ndo wanaochangia, anayetoka Marekani tangu 2020 ni dola 500 kwa mwezi, anayetoka nchi kama yetu anatoa kile anachoweza afu mfuko wa kanisa unajazia. Nchi pia hachagui, anapangiwa.

Mdogo wangu alipangiwa Zambia. Siku moja kwa wiki ndo anafua, anaenda sokoni, anapiga simu nyumbani, na hiyo ya simu kila wiki imeruhusiwa 2019 tu, zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka! Siku zingine yuko na mwenzie mmoja, hawaachani, wanatembea juani kugonga milango na wengine wanawafukuza. Alinionyesha viatu kwenye video, soli ya kulia imetoboka kabisa kaweka boksi ndani, huyo ndo mtu mnasema anakula dola. Akimaliza anaanza kutafuta chuo kama binti mwingine yeyote.