Skolashipu ya tenisi Marekani si bure kwa kila mtu

Huku Malindi kijana akipiga tenisi vizuri tu, mamake anaambiwa huyo Marekani atasomeshwa bure. Jamani sivyo! Watu wanamtazama Mkenya Angela Okutoyi aliyeenda Chuo Kikuu cha Auburn huko Marekani, wanasahau alikuwa ashabeba dabo (wawili kwa wawili) za wasichana Wimbledon 2022. Timu ya wanaume Divisheni 1, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo huko, kwa miaka mingi ilikuwa na skolashipu 4.5 tu, kocha anazikatakata kwa timu nzima, huyu nusu karo, yule robo, chakula na malazi mzazi ajitafutie. Wasichana walikuwa na 8 kamili. Tangu 2025 vyuo vilivyoingia mpango mpya wa kulipa wanamichezo vinaruhusiwa kufadhili wachezaji 10 kwa kila timu ya tenisi, lakini havilazimishwi, na pesa nyingi zinaenda futiboli yao na basketboli. Kabla ya kusaini, mama, uliza wanalipa nini hasa, na mwaka wa pili je?